Padrón, NIE, TIE au Registro Civil, na kwenye runinga La 1 au chaneli ya mkoa: ulinganisho kwa anayehamia Hispania

Mgeni anayefika Valencia au Madrid akiwa na pasipoti, cheti cha kuzaliwa na anwani ya ndugu anayempokea huulizwa karatasi nne ndani ya mwezi wa kwanza, na kila anayemwuliza hutaja jina analolisikia kwa mara ya kwanza. Karani wa shule anataka empadronamiento, yaani uthibitisho wa kuandikwa kwenye padrón, daftari la wakaazi la manispaa. Benki inataka NIE. Kituo cha polisi kinazungumzia TIE, na siku ukianza kuulizia ndoa au uraia, wakili anakutajia Registro Civil. Wengi wetu tulidhani hayo ni majina manne ya kitambulisho kimoja, kama vile mtu anavyoweza kusema kitambulisho cha taifa, namba ya NIDA au kadi ya uraia akiwa anakusudia kitu kilekile. Ukweli ni kwamba hizo ni rejista za mamlaka tofauti, kila moja inajibu swali lake, na anayepeleka jibu la swali lingine hurudishwa nyumbani bila ubishi.

Nimeiweka runinga katika ulinganisho huu kwa sababu mgawanyo uleule wa madaraka unaoamua karatasi ipi inatoka ofisi ipi ndio unaoamua habari ipi utaisikia kwenye chaneli ipi. Mambo ya ukaazi wa wageni na uraia ni ya serikali kuu mjini Madrid. Shule na hospitali ziko mikononi mwa serikali za mikoa yenye mamlaka yake, na anwani yako ni ya manispaa. Anayetazama chaneli moja tu hupitwa na nusu ya yanayomhusu.

Padrón: daftari la manispaa

Msomaji wa Tanzania ataielewa padrón haraka akifikiria barua ya serikali ya mtaa, ile inayothibitisha kwamba fulani anaishi hapa. Tofauti ni kwamba barua yetu huandikwa siku inapohitajika na kuishia kwenye faili la aliyeiomba, ilhali padrón ni daftari la kudumu la halmashauri ya mji, ambalo huhifadhi tarehe ya kuingia kwako na kila anwani uliyohamia. Sheria ya serikali za mitaa ya 1985 inamtaka kila anayeishi Hispania ajiandikishe katika manispaa anamoishi, na haibagui kati ya mwenye kibali cha ukaazi na asiye nacho. Hata asiye na nyumba maalumu ana haki ya kuandikwa.

Kinachohitajika ni pasipoti hai na ushahidi wa makazi: mkataba wa kupanga, hati ya nyumba, au idhini iliyosainiwa na mwenye haki ya nyumba hiyo. Hapo ndipo wapangaji wa vyumba wanapokwama, maana mwenye nyumba anayekodisha chumba kimoja kimoja mara nyingi hataki majina mengi yaonekane kwenye anwani yake. Anayekataliwa idhini asikate tamaa mapema, kwa kuwa kazi ya manispaa ni kuthibitisha kwamba mtu anaishi pale kweli, si kuamua kama ana haki ya kuishi pale, na inaweza kufanya hivyo kwa njia nyingine, ikiwemo ukaguzi wa nyumbani.

Kuna nakala za aina mbili, na kuchagua vibaya kunapoteza asubuhi nzima. Volante ni taarifa ya kawaida, hutolewa haraka, inatosha kwa shule, kadi ya maktaba au kadi ya usafiri. Certificado ndiyo yenye saini rasmi, na ndiyo inayotakiwa mahakamani, kwenye maombi ya uraia au kwenye jambo lolote litakalovuka mipaka ya nchi. Miye nilipeleka volante mahali palipohitaji certificado, nikasubiri foleni ya saa mbili ili niambiwe hivyo kwa sentensi moja. Tena omba iliyo ya kihistoria, yaani histórico, kama lengo lako ni kuonyesha umeishi nchini kwa muda gani. Na kama shule inataka kujua nani anaishi na mtoto, omba ile inayotaja watu wote wa nyumba moja.

Umuhimu wa daftari hili umeongezeka tangu kanuni mpya za sheria ya wageni zilipoanza kutumika tarehe 20 Mei 2025, kwa kuwa njia nyingi za kupata kibali kwa sababu ya kuota mizizi nchini, zinazoitwa arraigo, sasa zinadai ukaaji wa miaka 2 badala ya 3. Miaka hiyo lazima ithibitishwe, na hakuna ushahidi rahisi kuliko padrón iliyoanza mapema na haikukatika. Neno haikukatika ninalisema kwa makusudi: raia wa nje ya Umoja wa Ulaya asiye na kibali cha kudumu anatakiwa kuhuisha uandikishaji wake kila baada ya miaka 2, na akisahau, manispaa inaweza kumfuta. Nimeona watu waliotunza risiti za simu za miaka mitatu lakini wakasahau tarehe hiyo moja.

Padrón, hata hivyo, haimfanyi mtu kuwa mkaazi halali. Sheria inasema hivyo waziwazi. Vilevile marekebisho ya 2003 yaliwapa polisi ruhusa ya kuangalia taarifa za wageni zilizomo daftarini, na kwa sababu hiyo wapo ndugu wanaokataa kujiandikisha kwa hofu. Hofu hiyo siidharau, ila kwa maoni yangu hasara ya kukaa miaka miwili bila kuacha alama yoyote rasmi ni kubwa kuliko hatari wanayoikwepa.

NIE na TIE: namba na kadi

NIE ni namba, TIE ni kadi. Ukilishika hilo, umemaliza nusu ya mkanganyiko. NIE hupewa mgeni yeyote mwenye shughuli na Hispania, awe anaishi huko au anataka kununua nyumba tu na kurudi kwao, na inaweza kuombwa pia kupitia ubalozi wa Hispania, kwa mfano ule wa Nairobi au wa Dar es Salaam. Huja kwenye karatasi nyeupe isiyo na picha, na namba yenyewe haibadiliki. Haimpi mtu ruhusa ya kuishi wala ya kufanya kazi. Ni kama namba ya mlipakodi iliyopewa majukumu zaidi.

TIE ni kadi ya plastiki yenye picha na alama za vidole, na hupewa aliyeruhusiwa kukaa zaidi ya miezi 6. Namba iliyoandikwa juu yake ni NIE ileile. Huombwa polisi ndani ya mwezi 1 tangu kuingia nchini au tangu kibali kutolewa, na kazi ngumu si kujaza fomu bali kupata miadi, kwa sababu katika miji mikubwa nafasi huisha dakika chache baada ya kufunguliwa mtandaoni. Miadi hiyo ni bure, na anayekuuzia anakuuzia kitu kisicho chake. Aliyeomba hifadhi, kama walivyo baadhi ya ndugu zetu wanaotoka Kongo au Burundi, hupitia njia tofauti: kwanza karatasi ya kuthibitisha ombi, kisha kadi nyekundu yenye NIE, na ruhusa ya kufanya kazi huja miezi 6 baada ya ombi kupokelewa rasmi.

Namba hizi zina ufundi wake, na ni vizuri kuujua kwa sababu herufi moja iliyokosewa kwenye mkataba wa kazi inaweza kukufanya uonekane hulipiwi michango ya hifadhi ya jamii. DNI, kitambulisho cha Mhispania, ina tarakimu 8 na herufi moja mwishoni. NIE inaanza na X, Y au Z, zinafuata tarakimu 7, kisha herufi. Herufi ya mwisho si ya kubahatisha: X huhesabiwa kama 0, Y kama 1, Z kama 2, namba nzima inagawanywa kwa 23, na baki inaonyesha herufi katika mfuatano wa TRWAGMYFPDXBNJZSQVHLCKE, ukianza kuhesabu na sifuri. Chukua mfano wa kubuni, Y1234567. Weka 1 mahali pa Y upate 11234567. Gawanya kwa 23, inabaki 10. Herufi iliyo kwenye nafasi ya 10 ni X, kwa hiyo namba kamili ni Y1234567X. Karani akiandika herufi nyingine mwishoni, ujue amekosea herufi au tarakimu mahali fulani. Mfuatano huo hauna I, O wala U, kwa hiyo mtu anayesoma herufi ya mwisho kama O asome tena.

Jambo moja lililonivutia ni kwamba namba ya Hispania haisemi lolote kuhusu mwenyewe. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 huanza na tarehe ya kuzaliwa, hivyo anayeiona anajua umri wako. DNI na NIE hazionyeshi umri, jinsia wala mahali ulipozaliwa.

Nani achague nini, basi? Anayekuja kwa wiki mbili kusaini hati ya nyumba anatosheka na NIE. Anayekuja kusoma au kufanya kazi kwa mwaka hana uchaguzi, lazima awe na TIE, na sheria inamtaka awe na nyaraka zinazothibitisha utambulisho na hali yake. Yeyote anayeishi humo, wa aina yoyote, aanze na padrón, kwa sababu haina sharti la kibali na muda wake unaanza kuhesabika siku hiyohiyo.

Registro Civil, na majina yetu matatu

Registro Civil ni rejista ya maisha yenyewe: kuzaliwa, ndoa, kifo, uraia. Ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1871 kwa sheria ya mwaka uliotangulia, na kwa vizazi vingi ilikuwa vitabu vikubwa vilivyopangwa kwa matukio, hivi kwamba kuzaliwa kwako kulikuwa kwenye kitabu kimoja na ndoa yako kwenye kitabu kingine, pengine katika mji mwingine. Sheria ya 20/2011, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 30 Aprili 2021, iliugeuza mpango huo: sasa kila mtu anafunguliwa kumbukumbu yake mwenyewe ya kielektroniki, na matukio yanaongezwa humo. Ofisi zimekuwa zikihamia kwenye mfumo mpya moja baada ya nyingine. Kile kijitabu cha familia, Libro de Familia, hakitolewi tena chini ya mpango huo, ingawa vilivyokwisha kutolewa bado vinatambulika. Kwa hiyo anayeshauriwa na jirani wa zamani kwamba aombe kijitabu aombe cheti badala yake.

Vyeti ni bure. Literal ni nakala kamili ya kilichoandikwa, na hii ndiyo ya kuchagua kwa uraia na pasipoti. Extracto ni muhtasari, unaotosha kwa mambo madogo. Ipo pia ya lugha nyingi, inayofuata mkataba wa Vienna wa 1976, ambayo inasaidia ndani ya nchi zilizosaini. Anayekipeleka cheti Mombasa au Bujumbura asiichague kwa kudhani itamwokolea gharama ya tafsiri.

Kwa upande wa nyaraka zinazotoka kwetu, tofauti kubwa iko kwenye muhuri. Nchi iliyojiunga na mkataba wa The Hague wa 1961, kama Burundi na Oman, huweka muhuri wa apostili na kazi imekwisha. Cheti cha nchi ambayo haimo hupitia wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo, kisha ubalozi wa Hispania, na hapo ndipo wiki zinapogeuka miezi. Baada ya muhuri inakuja tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa, na kumpata wa Kiingereza ni rahisi zaidi kuliko kumpata wa Kiswahili, kwa hiyo anayeweza kuomba cheti chake kwa Kiingereza afanye hivyo kabla ya kusafiri.

Sehemu inayotutesa zaidi ni majina. Mhispania ana jina lake na majina mawili ya ukoo, moja la baba na moja la mama. Tangu 30 Juni 2017 wazazi huamua lipi litangulie, na la baba halitangulii tena kwa mazoea. Mwanamke akiolewa habadilishi jina. Sasa mchukue msichana wa kubuni tumwite Asha, binti wa Juma Hamisi na Mwanaidi Salum. Kwao anaitwa Asha Juma Hamisi: jina lake, la baba, la babu. Pasipoti yake imeweka Hamisi kwenye nafasi ya ukoo na Asha Juma kwenye nafasi ya jina, kwa hiyo TIE itachapishwa hivyohivyo, na kuanzia siku hiyo daktari atamwita Señora Hamisi, jina la babu yake, huku barua za shule zikimwita Asha Juma kana kwamba ni jina moja. Mama yake haonekani popote.

Akija kupata uraia, Registro Civil itatafuta majina mawili ya ukoo, la upande wa baba na la upande wa mama, na Asha anaweza kutoka akiwa Asha Hamisi Salum, mtu ambaye shahada yake ya chuo haimtambui. Anaweza kuchagua. Kifungu cha 56 cha sheria hiyo kinamruhusu aliyepata uraia kuendelea na majina aliyokuwa nayo akitamka hivyo wakati wa kuupata au ndani ya miezi 2 inayofuata. Mwenye vyeti, leseni na hati za mali kwa jina la zamani ningemshauri alitumie, na mwenye watoto wadogo afikirie kwamba watoto watabeba kile atakachochagua. Aliyebadilisha jina baada ya kuolewa ana kazi ya ziada, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa na pasipoti havitalingana, na atahitaji karatasi kutoka kwao inayosema kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Uraia wenyewe una vipimo visivyo sawa. Mtu wa kawaida anatakiwa kukaa kihalali miaka 10, mkimbizi 5, aliyeoana na Mhispania au aliyezaliwa nchini mwaka 1. Wanaotoka Amerika ya Kilatini, Ufilipino, Ureno na Guinea ya Ikweta wanatakiwa 2 tu, na hivyo Mwafrika wa Malabo anamtangulia Mwafrika wa Arusha kwa miaka 8 kwa sababu ya nani alimtawala. Tena mwombaji kutoka kwetu hutakiwa kutamka kwamba anaukana uraia wa awali. Mkenya, ambaye katiba ya 2010 inamruhusu uraia wa nchi mbili, na Mtanzania mtu mzima, ambaye sheria ya kwao haimruhusu, hawasomi sentensi hiyo kwa moyo mmoja. Baada ya kukubaliwa, kuna siku 180 za kwenda kuapa, kisha unaandikwa Registro Civil, kisha unapewa DNI yenye namba mpya kabisa. Hapo omba polisi cheti cha kulinganisha namba, concordancia, kinachoonyesha kwamba mwenye NIE ile ndiye mwenye DNI hii, maana benki na hifadhi ya jamii zitakiuliza.

Kuingia mtandaoni

Hapa uchaguzi ni mwepesi. Cl@ve, mfumo wa serikali wa kujitambulisha mtandaoni, inatosha kwa anayetaka kuangalia kodi na miadi kwa simu. Cheti cha kidijitali cha FNMT, taasisi ileile inayotengeneza sarafu, ndicho kinachofaa kwa anayetuma maombi ya ukaazi na kusaini nyaraka mwenyewe bila kulipa wakala. Ukienda kujithibitisha ofisini hutolewa bure, lakini lazima ukihifadhie nakala, kwa sababu kompyuta ikifa nacho kinakufa. Kujitambulisha mtandaoni kwa chipu ya kitambulisho ni kwa mwenye DNI, na tangu Aprili 2025 DNI inaweza pia kuonyeshwa kwenye simu kupitia programu ya MiDNI.

Chaneli: nani anasema nini

Habari njema kwanza kwa waliozoea kununua kifurushi kila mwezi: chaneli za kawaida za Hispania hupatikana bure kwa antena ya juu ya paa, mfumo unaoitwa TDT, na hakuna ada ya kumiliki runinga kama ilivyo Uingereza. Sharti moja tu. Tangu 14 Februari 2024 chaneli zote za TDT zinarushwa kwa HD, na seti ya zamani isiyopokea HD itaonyesha weusi. Nilinunua runinga sokoni kwa euro 20 nikaona nimepata bahati, na king'amuzi nilichokwenda kununua kesho yake kiliilekebisha hesabu hiyo. Bado hakidai malipo ya mwezi.

Shirika la umma, RTVE, lilianza kurusha picha tarehe 28 Oktoba 1956. Chini yake zimo La 1, La 2, 24 Horas ya habari, Clan ya watoto na Teledeporte ya michezo, na tangu 2010 matangazo ya kawaida ya biashara yameondolewa. Kwa anayefuatilia mambo ya ukaazi, 24 Horas ndiyo ya kuchagua, kwa sababu baraza la mawaziri hukutana Jumanne na mkutano na waandishi unaofuata huonyeshwa moja kwa moja. Lakini tangazo la runinga si sheria. Kanuni mpya za wageni zilipitishwa Jumanne ya 19 Novemba 2024, zikachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, BOE, siku iliyofuata, na zikaanza kutumika miezi 6 baadaye. Waliosikia habari wakakimbilia ofisini wiki ileile walikuwa wamesikia sawasawa, isipokuwa tarehe.

Chaneli binafsi zilikuja 1990, Antena 3 ikitangulia na Telecinco ikifuata baada ya wiki chache. Leo zimegawanyika katika makundi mawili: Antena 3 na laSexta ni za Atresmedia, Telecinco na Cuatro ni za Mediaset. Ukitaka taarifa ya habari iliyofupishwa vizuri saa 3 usiku, Antena 3 inashindana na La 1 bila aibu. laSexta ni ya mabishano ya siasa, yenye kasi na kuingiliana kauli, na mgeni wa lugha ataumia kichwa. Telecinco imejijengea jina kwa umbea wa watu mashuhuri. Sikuidharau hata kidogo mwaka wa kwanza, maana Kihispania cha kugombana kinafundishwa pale kuliko darasani. Matangazo ya biashara ya chaneli hizi ni marefu, unaweza kupika chai na kuinywa.

Kwa anayejifunza lugha ningeiweka La 2 mbele ya zote. Shindano la maswali la Saber y ganar liko hapo tangu 1997, swali husomwa taratibu na mara nyingi huandikwa kwenye kioo, nawe unajikuta umejifunza neno na jambo kwa pamoja. Washa maandishi ya chini kwa rimoti, ya Kihispania, si ya lugha nyingine. Filamu za nje hutafsiriwa kwa sauti, lakini kitufe cha sauti mara nyingi hukurudisha kwenye lugha ya asili, jambo linaloweza kuharibu somo usipoangalia. Watoto waachie Clan. Mpenzi wa mpira naye aelewe kwamba sehemu kubwa ya michezo ya ligi kuu imo kwenye vifurushi vya kulipia, na kwamba bure atapata zaidi timu ya taifa.

Zimebaki chaneli za mikoa, ambazo wageni huzipuuza kwa sababu baadhi yake hazizungumzi Kihispania. ETB ya nchi ya Wabaski ilianza mwisho wa 1982, na leo ETB1 inatumia Kibaski na ETB2 Kihispania. TV3 ya Catalonia iliyoanza 1983 inatumia Kikatalani, TVG ya Galicia Kigalisia. Canal Sur ya Andalusia na Telemadrid zinatumia Kihispania. Valencia ilifunga chaneli yake mwaka 2013 na kupata nyingine, À Punt, mwaka 2018. Tarehe za kuandikisha watoto shuleni, chanjo, mgomo wa zahanati, msaada wa kodi ya nyumba, yote hayo ni ya serikali ya mkoa, na La 1 haitayataja ila kwa dakika chache za habari za mkoa zinazorushwa mchana. Anayeishi Barcelona na mtoto wa shule ya msingi afanye bidii ya kuitazama TV3 hata kama anashika neno moja kati ya matatu, kwa kuwa mtoto anafundishwa kwa lugha hiyo na barua za shule zitaandikwa kwa lugha hiyo. Anayeishi Seville hana mzigo huo, na Canal Sur itamzoesha lafudhi ya majirani, ambayo haifanani na ile ya 24 Horas.

Ukihama kutoka Valencia kwenda Galicia, unajiandikisha kwenye manispaa mpya na ile ya zamani inakufuta yenyewe bila kuaga. Unaomba kadi mpya ya hospitali. Unatafuta chaneli upya kwa rimoti na À Punt inatoweka, TVG inaingia. Kadi ya TIE unakwenda kuwaarifu polisi anwani mpya. Namba ya NIE inabaki ileile, na La 1 nayo, isipokuwa zile dakika za mchana.